Ndege ya Mzee Mbwana Haivuki Sudani

Biasha binti Garama,
Mama karanga, barabara ya hospitali,
Msambweni.
Februari 1999

Kwa Bwana Thoya,
Afisa wa Samaki,
Msambweni.

Assalaam alaikum, na ikiwa salamu hiyo si ya nyumba yako, basi pokea iliyo ya nyumba yako. Zote nimezitoa kwa moyo mmoja.

MINTARAFU: MEMORI MBOVU ZA KADI ZA PICHA, NA MADHARA YAKE KWA BIASHARA YA SAMAKI WA KUKAANGA

Bwana Afisa,

Utanikumbuka. Mimi ndiye mama karanga, yaani mkaanga samaki, ambaye mwaka juzi ulilikagua tenga lake la pono. Waliokuwapo wote walikuwa wakiwasifu pono wa juu, macho maangavu, matamvua mekundu. Wewe hukusifu. Ulikunja shati, ukazamisha mkono hadi chini ya tenga, ukamtoa pono ambaye hata paka alimpisha njia. Dalali ndiye aliyenipangia tenga lile, lakini lililofukiwa kwa mafuta ya taa lilikuwa langu. Nilikukasirikia siku nyingi. Baadaye hasira zikashuka, nikaona kwamba katika tarafa hii nzima wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeshika cha chini kabla hajakisifu cha juu. Ndiyo sababu sikumwandikia Chifu wala mhariri wa gazeti. Nimekuandikia wewe.

Najua utasema kompyuta si samaki. Hata mimi nilisema hivyo mwanzoni. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Mume wangu ni Mbwana Dzombo. Ukiwahi kula katika hoteli za Diani enzi watalii walipokuwa wengi, huenda alikupakulia. Alianza kwa kuosha sahani, akamaliza akiwa mkubwa wa wahudumu wa mezani, mwenye koti jeupe na vifungo vinavyometa. Tangu anioe alikuwa akija nyumbani siku ya mapumziko tu, anashinda amelala, kesho yake alfajiri anaondoka. Tulipendana vizuri sana kwa njia hiyo. Kisha wageni wakapungua, hoteli ikafunga milango, na kila mfanyakazi akaambiwa achague kitu kimoja katika vilivyobaki kiwe mkono wa kwaheri. Wenzake walichukua magodoro na mafeni. Yeye alirudi na kompyuta ya afisi ya hesabu, ameipakata tangu Diani kama mtoto aliyetoka kutahiriwa.

Nakwambia wazi, Bwana Afisa, mimi sikuzoea kuwa na mume wa mchana. Hilo ndilo chimbuko la haya yote.

Ndani ya kompyuta ile, mgeni wake mmoja Mjerumani alikuwa amemwachia mchezo wa kurusha ndege. Si mchezo wa kupigana. Unaondoka uwanja wa Mombasa, unapaa, na unakwenda kwa saa zile zile ambazo ndege ya kweli inakwenda. Kutoka Mombasa mpaka Frankfurt ni kutwa nzima. Mume wangu huanza safari nikiwasha jiko na, Mungu akijalia, atatua nikiosha karai. Mke gani angekataa kitu kama hicho? Lakini hajawahi kufika hata mara moja, na sababu ni memori. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kadi na namba zake. Hapo mwanzo ndege ilikuwa ikienda kwa kushtukashtuka, mbingu inakuja vipande vipande, mzee akapata kizunguzungu, akawa anatoka nje kila mara kuvuta hewa. Hewa anayoivuta iko penye karai langu. Nikaulizia, nikaambiwa kompyuta inataka kadi ya picha, yaani ubao mdogo unaochomekwa ndani, kazi yake kuichora ile mbingu upesi. Ubao huo una ubongo wake na una memori zake. Memori ni vile vipande vyeusi vyenye miguu pande mbili, mfano wa tandu, na ndimo picha zinamowekwa kabla hazijafika kwenye kioo.

Nikavuka feri mpaka Mombasa, kwenye duka ambalo kwa heshima silitaji. Mwenye duka akanionyesha kadi, ameishika kwa mbele. Memori za mbele zilikuwa zimeandikwa 7. Nikaichukua nikaigeuza, maana wewe ulinifunza. Za nyuma zilikuwa zimeandikwa 10. Sasa Bwana Afisa, mtu aliyeuza samaki umri wake wote, akiona juu saba na chini kumi, ataelewa nini? Nilielewa kwamba bwana huyu ana imani, amenitilia nyongeza chini bila kujitangaza, kama sisi tunavyomtilia mteja mwema vidagaa chini ya samaki changu aje avikute nyumbani. Nilimwombea dua palepale dukani. Nikawaombea na wanawe.

2. Ukweli wa namba hizo. Kisilu ni fundi wa kompyuta wa Ukunda, mtu wa bara mwenye adabu ya kutosha, ila shikamoo yake ni "Sasa, mathe". Alipoifungua kadi akacheka mpaka akaketi. Akanieleza kwamba namba zile zinapima jinsi memori inavyochelewa kujibu, wala si unene wake. Saba ndiyo yenye mbio, kumi ndiyo goigoi. "Mathe, umeuziwa," alisema. "Hizi za mbele ni fiti, hizi za nyuma ni za kuokota. Na zote zinaendanga pamoja, ile slo ndiyo inaamua." Kwa hivyo ni lile lile tenga la pono, Bwana Afisa, ila safari hii limeshonewa chini lisifunguke. Nilitamani nirudishiwe dua zangu.

Walaumiwe vilevile waliozipanga namba hizo. Kitu kibaya kupewa namba kubwa ni kinyume cha desturi ya soko lolote ninalolijua mimi.

3. Kupandisha kasi. Kisilu alisema tiba ipo. Kuna programu ndogo yenye vishikio viwili kwenye kioo, kimoja cha ubongo wa kadi, kingine cha memori. Ukivisogeza kulia, kadi itakwenda mbio kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Ubongo ulipanda bila taabu, sina ugomvi nao. Kwenye memori Kisilu akasogeza kidogo, akanitazama, akasogeza tena. Mbingu ya mzee ikawa laini kama tui la kwanza. Ndege ikapaa juu ya Shimba Hills, ungeweza kuhesabu miti. Mume wangu akasema neno ambalo sijapata kumsikia akilisema nyumbani: "Bora kabisa." Siku ile niliuza asubuhi yote bila mtu kunisahihisha. Tangu hapo nami nikajifunza kuvisogeza vile vishikio, mzee akienda kuswali.

4. Sudani. Memori inayokimbizwa hupata joto, na Februari ya Msambweni hata asiyekimbizwa hupata joto. Ndege huvuka Uhabeshi salama. Ikiingia Sudani, vidoa vya kijani hutokea mbinguni, kimoja, kingine, kisha kundi. Mara ya kwanza mume wangu alidhani ni nzige, akawatangazia abiria kwa Kijerumani cha hotelini wafunge madirisha. Baadaye jua hugeuka zambarau, bawa moja hutoweka, na kila kitu huganda. Nikikirudisha kishikio nyuma, ndege hushtuka. Nikikisogeza mbele, huganda. Baina ya kushtuka na kuganda pana upenyo mwembamba, na memori za nyuma hazipiti hapo. Mzee huketi mbele ya jangwa lile lililosimama, mikono magotini. Kisha huvaa koti lake jeupe na kutoka nje kunisaidia.

5. Msaada anaonipa. Anawapanga wateja foleni. Wavuvi wa Munje wanaoniletea samaki anawaomba wavae mashati. Magazeti ya kufungia samaki ananikunjia kwa umbo la bata, na mteja akifika kwake hajui aanzie wapi kufungua. Kalama, mwashi wa hapa jirani, aliambiwa kwa upole kwamba meza yake haijawa tayari, na kibanda changu hakina meza. Akavutiwa debe, akakalishwa, akatandikiwa kitambaa mapajani, akaulizwa angependa changu wake aive kiasi gani. Haya ningeyavumilia. Lakini Ijumaa iliyopita nilipokwenda kuchota maji aliwakata samaki wote vichwa, eti wageni hawapendi kutazamwa na chakula. Bwana Afisa, wewe ni mtu wa pwani. Anayenunua changu ananunua kichwa; mwili ni wa kusindikiza tu. Wateja wangu wakavuka barabara kwa Maimuna, mwenzangu wa upande wa pili, ambaye vichwa anavyo na mume hana. Hivyo memori iliyotoka ng'ambo imevuruga biashara ya samaki Msambweni, na hapo ndipo jambo hili linapoingia katika afisi yako.

6. Jina langu mtaani. Kwa kuwa majirani hunisikia kila adhuhuri nikimwambia Kisilu, ambaye siku hizi chakula cha mchana hula kwangu, "Amefika Sudani, amekwama tena," imeenea kwamba mume wangu ana mke wa pili Sudani na kwamba mahari ndiyo iliyomkwamisha. Shangazi yake alinijia kutoka Matuga kunipa pole. Nilimwonyesha memori za nyuma ili aelewe. Aliniambia nisubiri, wanaume hurudi.

7. Barafu. Usidhani nimekaa bure nikisubiri serikali. Kisilu alisema memori ikipozwa itastahimili zaidi, nami barafu ninayo. Nikaitia barafu ya samaki katika mifuko, nikaipanga ubavuni mwa kompyuta. Ndege ilifika Misri, tukauona hata Mto Naili. Lakini barafu ya samaki hunuka samaki, na paka wa Msambweni wana pua. Walikuja wote. Mmoja akajilaza juu ya kibodi, ndege ikapinduka karibu na Aswani. Mume wangu aliwaombolezea abiria wake mpaka kesho yake, na wali wake aliula mkavu.

8. Majibu ya mwenye duka. Niliipeleka kadi kwake, akakataa kuipokea. Akaniambia haina kasoro, mimi ndiye niliyeikimbiza kupita ilivyoandikwa, na mwenye kukimbiza hana dai. Nikamjibu kwamba nikimuuzia mtu pono, amkaange au ampike mchuzi, aliye mzima atabaki mzima na aliyeoza atajulikana. Moto haumwozeshi samaki, unamsema tu. Akaniambia kompyuta si samaki. Nikamuuliza, kama si samaki mbona umeipanga kama samaki? Alifungulia redio.

Kwa sababu hizo naiomba afisi yako ichukue hatua, ambazo naamini sheria za samaki zinaziruhusu zikisomwa kwa moyo mweupe. Kompyuta yoyote inayovuka feri ya Likoni kuja huku kusini ifunguliwe, na afisa azamishe mkono mpaka memori za nyuma. Kumi zozote zilizofichwa chini ya saba zifukiwe hadharani kwa mafuta ya taa, kama pono wangu, mwenye duka akiwapo, na yeye apewe nafasi ya kukasirika siku nyingi kama niliyopewa mimi. Na kwa kuwa serikali inakataza nyavu za macho madogo ili samaki wadogo wakue kwanza, basi ikataze vilevile kuvua memori changa, kwani ni dhahiri kwamba zile zangu zilitolewa kiwandani kabla hazijakomaa. Miezi ya joto, biashara ya memori ifungwe kabisa, zipate kupumzika na kuzaana.

Ikiwa hayo yote hayawezekani, naomba barua yangu ipelekwe juu, mpaka kwa wanaoshughulika na nchi za nje, wazungumze na Wajerumani ili uwanja wa Frankfurt usogezwe upande huu wa Sudani. Sidhani ni ombi kubwa. Sisi tumewapa ufuo wetu miaka mingi, na mume wangu amewapakulia supu bila kumwaga tone. Kila mgeni akiondoka alimshika mkono akamwambia, Mbwana, lazima siku moja uje kwetu. Yeye aliwaamini. Nadhani bado anawaamini, ndiyo maana kila siku anakwenda. Mimi naomba afike tu, kisha aendelee kukaa huko ndani.

Nisalimie mama watoto, na uwasalimie vijana wa doria, na yule karani wako mwenye kikohozi mwambie atafune tangawizi. Wasalimie hata madalali, wanajijua. Huku kwetu sote tu wazima isipokuwa memori.

Ni mimi, mteja wako wa zamani katika kukaguliwa,

Biasha binti Garama

Tanbihi. Barua hii imelala kabatini kwa kukosa stempu, na katika kulala kwake mambo yamegeuka. Kisilu alinipatia kadi nyingine kwa fundi mwenzake, memori zote za namba saba, mbele na nyuma, nimeigeuza mwenyewe. Tuliipandisha kasi mpaka Kisilu akaogopa, na hakikutokea hata kidoa kimoja. Mume wangu akavuka Sudani, akavuka Misri na bahari yake, akatua Frankfurt wakati wa magharibi. Niliyasikia magurudumu yakigusa chini. Nikangoja atoke anipe habari, hakutoka. Asubuhi akajaza mafuta akaenda Munich, kutoka hapo Hamburg. Kumbe wageni wake walitoka miji mingi, na Ujerumani viwanja vimejaa tele.

Biashara ikatengemaa. Vichwa vikarudi, foleni ikavunjika, kila mtu akanyoosha mkono wake kuchagua. Kalama alikuja akasimama, akaniuliza yuko wapi yule bwana, maana tangu azaliwe hajapata mtu mwingine wa kumvutia kiti. Nikamwambia amesafiri. Miaka yote ile nilikuwa na mume wa siku ya mapumziko, Mungu akanipa wa mchana, nami nikavuka feri kwenda kununua kifaa cha kumwondoa. Nimemkosa mume wangu, Bwana Afisa, na yuko chumba cha pili.

Kwa hivyo naomba usikague chochote Likoni, na uwanja wa Frankfurt uachwe pale pale ulipo. Jana akiwa msikitini niliitoa ile kadi nzuri, nikairudisha ile yenye kumi, nikakisukuma kishikio cha memori mpaka kikagota. Leo ndege haikuvuka hata Mto Tana. Mafuta yangu hayajachemka, akatoka, akavuta kigoda kando yangu, akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala.